Uzi: Mazoea ya kale ya kutengeneza tovuti ambayo sisi wa Tanga tunapaswa kuyaacha

Mleta mada, Chumbageni

Wakuu, habari za wakati huu. Nimekuwa nikipitia tovuti za biashara na taasisi za mkoa wetu, kuanzia gesti za mjini na hoteli za ufukweni Pangani hadi shule za bweni za Lushoto na Korogwe, na lipo jambo linalonisumbua kiasi cha kulifungulia uzi. Tovuti nyingi mpya, zilizolipiwa fedha za mwaka huu, zinajengwa kwa mazoea yaliyoanza kabla baadhi ya mafundi wanaozijenga hawajazaliwa. Siwadharau mafundi kwa kusema hivyo, kwani mazoea mengi kati ya hayo yalikuwa na sababu ya kweli wakati wake. Sababu hizo zimekwisha, mazoea yamebaki, na anayelipa gharama yake ni mgeni wa tovuti, mtu mwenye simu ya bei ya kawaida na bando la kuhesabu.

Zoea lililo zito kuliko yote ni kujenga tovuti kwa ajili ya kioo cha kompyuta, kisha kumwacha mwenye simu ahangaike mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hilo lilieleweka. Vioo vingi vya kompyuta vilikuwa vya pikseli 800 kwa 600, kurasa zilipangwa kwa upana usiobadilika, na hakuna aliyetarajia kuzisoma akiwa barabarani. iPhone ilipotoka mwaka 2007, kivinjari chake kilihitaji namna ya kuonyesha kurasa hizo pana, kikawa kinauchukulia kila ukurasa usiojieleza kuwa una upana wa pikseli 980, kisha kinausinyaza wote uingie kwenye kioo kidogo. Ndiyo maana hadi leo unafungua tovuti ya ofisi fulani na maandishi yanatokea madogo yasiyosomeka mpaka uyavute kwa vidole viwili. Dawa yake nayo si ngeni. Mwezi Mei 2010 Ethan Marcotte alieleza namna ya kujenga ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo, na mwaka 2012 W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, kikaidhinisha kanuni zinazowezesha jambo hilo. Tangu tarehe 21 Aprili 2015 Google imekuwa ikizipendelea kurasa zinazosomeka vizuri pale mtu anapotafuta kwa simu. Fundi anayekabidhi leo tovuti isiyosomeka kwenye simu hajamaliza kazi, na aliyemlipa ana haki ya kumrudishia aimalize.

Wapo pia wanaojenga vizuri kwa ajili ya simu, halafu wanaongeza agizo la “user-scalable=no”, ambalo linamkataza mgeni kukuza maandishi. Baadhi ya vivinjari siku hizi vinalipuuza agizo hilo, na vinafanya vyema, kwa sababu linamzuia mzee mwenye macho hafifu kusoma bei bila faida yoyote kwa mwenye tovuti.

Tutazame kwa karibu kinachotokea mazoea haya yanapokutana mahali pamoja. Abiria yuko ndani ya basi lililotoka Dar es Salaam mchana, limefika Segera, jua limekuchwa, naye anataka chumba cha kulala Tanga mjini usiku huo. Mtandao unakuja na kupotea. Anafungua tovuti ya gesti. Kwanza linajitokeza dirisha linalomwomba anwani ya barua pepe ili awe anatumiwa habari za gesti, na alama ya kulifunga imewekwa pembeni, ndogo kuliko ncha ya kidole. Akifanikiwa kulifunga, zinaanza kushuka picha tano zinazopokezana juu ya ukurasa, kila moja ikiwa vilevile ilivyotoka kwenye kamera, pikseli 4000 kwa 3000, megabaiti tatu au nne. Anasubiri. Bei za vyumba hazikuandikwa, kwa kuwa kipeperushi cha karatasi kilipigwa picha kikabandikwa, kwa hiyo inambidi asubiri picha nyingine. Namba ya simu nayo imo ndani ya picha ya bango, hawezi kuigusa ikapiga wala kuinakili, na analazimika kukariri tarakimu kumi huku akirudi kwenye kibodi ya simu. Kabla ya kufika huko ameshaondoka na kumpigia mwenye gesti nyingine, ambayo huenda vyumba vyake ni duni, lakini namba yake ilikuwa imeandikwa. Gesti ya kwanza haitajua kamwe kwamba ilikaribia kupata mgeni.

Hakuna hata kimoja katika hayo kinachohitaji fedha nyingi kukirekebisha. Picha ileile ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1200 na kuhifadhiwa kama JPEG ya kawaida hubaki na kilobaiti mia mbili hivi, na ikihifadhiwa kwa mfumo wa WebP, ambao Google iliutoa mwaka 2010 na sasa unasomwa na vivinjari vyote vikubwa, mara nyingi huwa pungufu ya hapo. Namba ikiandikwa kama kiungo kinachoanza na “tel:” na kuendelea na +255, mgeni huigusa mara moja na simu inapiga. Bei zikiandikwa kama maandishi, Google inazisoma, mgeni anaziona hata picha zikigoma kufunguka, na mwenye gesti anazibadilisha mwenyewe msimu wa sikukuu bila kumtafuta mbunifu wa vipeperushi.

Mengine nitayapitia haraka. Kupanga ukurasa mzima ndani ya jedwali, pamoja na vijipicha visivyoonekana vya pikseli moja vya kusukumia nafasi, kulitokana na shida ya wakati huo, kwa sababu CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, iliidhinishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1996 na vivinjari vikachukua miaka kuielewa sawasawa. Fremu, yaani kuugawa ukurasa vipande vinavyofunguka kila kimoja peke yake, zilikuja na kivinjari cha Netscape 2 mwaka 1996 na zilifutwa katika HTML5, toleo la lugha ya kuandikia kurasa lililoidhinishwa Oktoba 2014. Flash nayo imekufa kabisa, maana Adobe ilisitisha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikaanza kuzuia kazi zote zilizotengenezwa kwayo. Kama tovuti yako ina eneo tupu la kijivu ambalo zamani lilikuwa na michoro inayocheza, sababu ndiyo hiyo, na hakuna cha kusubiri.

Kuhusu maandishi yanayokimbia ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa ndiyo zoea linalopendwa kuliko mengine katika ofisi zetu. Tangazo la nafasi za masomo, la zabuni au la mkutano wa wazazi linapitishwa kutoka kulia kwenda kushoto juu ya ukurasa, kwa imani kwamba kinachotembea kinaonekana zaidi. Agizo lake, “marquee”, lilitoka kwenye Internet Explorer, na ndugu yake, “blink” ya kuyafanya maneno yawake na kuzima, ilitoka Netscape. Firefox iliacha kuitii “blink” mwezi Agosti 2013, lakini “marquee” bado inatiiwa na vivinjari vingi ingawa viwango vya HTML vinaitaja kuwa imepitwa na wakati. Mwenye kusoma taratibu hawezi kumaliza sentensi kabla haijapotea, na aliyekosa mwanzo wake husubiri izunguke upya. Ikiwa tangazo lenyewe ni kiungo, mwenye simu analazimika kukigusa kitu kinachokimbia. Mwongozo wa W3C kuhusu ufikivu unataka kitu chochote kinachojisogeza chenyewe kwa zaidi ya sekunde tano, kando ya maudhui mengine, kiwe na njia ya kukisimamisha. Tangazo muhimu liandikwe mahali pamoja, juu ya ukurasa, likiwa na tarehe yake, na wote wenye kulihitaji watalisoma.

Karibuni tujadiliane, hasa wenye biashara na mafundi wenyewe.

Mchangiaji, Pangani

Mkuu, nimekusoma kwa makini na mengi ninayakubali, ila suala la picha nakuomba ulitazame upya. Sisi tunaopokea wageni huku ufukweni tunauza macho kabla ya kuuza kitanda. Mgeni aliyeko Arusha au Ulaya anataka kuona bahari, mto unavyoingia baharini, majengo ya kale ya mji, chumba na chakula. Picha moja haiwezi kubeba yote hayo, na ndiyo maana fundi aliniwekea picha nane zinazopokezana mwanzoni mwa ukurasa, pamoja na wimbo wa taarabu unaoanza wenyewe tovuti inapofunguka, kusudi mgeni aanze kuhisi mwambao kabla hajafika. Wageni wanaofika wanasifu tovuti yetu. Nikiziondoa picha zote hizo, nitakuwa na tofauti gani na karatasi ya risiti?

Mleta mada

Ndugu yangu wa Pangani, sijasema picha ziondolewe, na hoteli isiyoonyesha bahari yake itakuwa imejinyima. Tatizo liko kwenye kupokezana. Mwaka 2013 Erik Runyon, aliyekuwa akihudumia tovuti za Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Marekani, alichapisha hesabu za picha zinazopokezana kwenye ukurasa wa kwanza wa chuo hicho. Takriban asilimia 1 tu ya wageni ndio waliobofya mojawapo, na sehemu kubwa ya hao walibofya ile ya kwanza. Chuo si hoteli, nakubali, lakini mwenendo wa mgeni unafanana, kwa sababu hakai juu ya ukurasa kusubiri zamu ya picha ya sita, anasogeza kwenda chini kutafuta alichokijia. Picha yako ya nane, ambayo huenda ndiyo ya chumba chenyewe, wengi hawaifikii, ilhali simu zao zimeshaipakua na kuilipia.

Ningekushauri uchague picha moja iliyo bora kuliko zote, uiweke juu ikiwa imepunguzwa ukubwa, kisha zilizobaki uzipange kwenye sehemu yake hapo chini, kila moja ikiwa na maelezo mafupi ya kinachoonekana. Kwa hizo za chini, fundi aongeze agizo la “loading=lazy”, ambalo Chrome ilianza kulitii mwaka 2019 na vivinjari vingine vikafuata. Kazi yake ni kuchelewesha upakuaji wa picha mpaka mgeni anapoikaribia, hivyo asiyeshuka hadi huko halipii. Unaweza kuweka hata picha ishirini kwa namna hiyo na ukurasa ukafunguka haraka.

Kuhusu taarabu, naipenda kama unavyoipenda, na mji huu uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star hauwezi kuionea haya. Hata hivyo, tangu Aprili 2018 Chrome huzuia sauti inayojianzisha yenyewe mpaka mgeni aguse kitu kwenye ukurasa, na Safari, kivinjari cha iPhone, ilikuwa na katazo lake hata kabla ya hapo. Wageni wako wengi hawausikii wimbo huo, na faili lake laweza kuendelea kupakuliwa hata kama halichezi. Weka kitufe kilichoandikwa “Sikiliza taarabu ya Pangani”, na atakayekibonyeza atausikiliza kwa raha yake.

Mwalimu, Korogwe

Shukrani kwa mleta mada. Ninafundisha wanafunzi wasioona, na ningependa kuongeza mambo ambayo mtu mwenye macho anaweza asiyatambue kabisa. Wanafunzi wangu wanatumia tovuti kwa kusikiliza. Kwenye simu za Android ipo TalkBack, na kwenye kompyuta ya Windows tunatumia NVDA, ambayo hutolewa bure. Programu hizi husoma kilichoandikwa ndani ya ukurasa, na picha isiyo na “alt”, yaani maelezo yake yaliyofichwa ndani ya msimbo, huwa kimya kwao, au husomwa kwa jina la faili, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu zisizo na maana.

Kubwa zaidi ni maelekezo ya kujiunga na shule. Mzazi anatafuta orodha ya vifaa na ada, na shule imechapa waraka huo, ikaupiga muhuri, ikauskani, kisha ikaupandisha kama PDF. Kwa mwenye kuona inaonekana ni maandishi, lakini ndani yake ni picha tupu ya karatasi. TalkBack haina cha kusoma, Google haina uhakika wa kuyasoma maneno yake vizuri, na mwenye simu anavuta karatasi ya A4 huku na huku ili asome mstari mmoja. Waraka wenye muhuri ubaki kwa wanaouhitaji, ila maneno yake yaandikwe pia kwenye ukurasa wenyewe.

Lipo na la lugha. Kila ukurasa una mahali pa kutaja lugha yake, na templeti nyingi, yaani tovuti zilizotengenezwa tayari, huja zikiwa zimeandikwa “lang=en”. Fundi anabadilisha maneno yote kuwa ya Kiswahili na kuliacha agizo hilo kama lilivyo. Programu ya kusoma inapoliona inachukua sauti ya Kiingereza na kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, hata mwanafunzi anashindwa kuelewa kinachosemwa. Herufi mbili tu, “sw”, zinamaliza tatizo hilo, na nimewasikia wanafunzi wakifurahi tovuti ilipoanza ghafla kuzungumza nao lugha yao.

La mwisho kwangu ni viungo vya “Bofya hapa”. Asiyeona hupitia ukurasa kwa kuorodheshewa viungo peke yake, na anaposikia “bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa” hajui kimoja kinampeleka wapi. Kiungo kiitwe kwa kilichomo: “Fomu ya kujiunga kidato cha kwanza”, “Ratiba ya mitihani”.

Mleta mada

Mwalimu, ubarikiwe. La “lang=sw” nilipaswa kulitanguliza, kwa kuwa linatuhusu sisi wenye Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Fundi yeyote anayesoma hapa alikague leo kwenye kila tovuti anayoihudumia.

Fundi, Ngamiani

Mleta mada, naheshimu mchango wako, lakini uzi huu unaweza kuwafanya vijana waamini kwamba kila cha zamani ni kibaya, nami sikubaliani na hilo. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, alioutengeneza Tim Berners-Lee kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, umerudishwa hewani na unasomeka kwenye simu ya leo bila taabu, kwa sababu ni maandishi na viungo tu. Kiungo cha rangi ya buluu chenye mstari chini yake ni zoea la miaka hiyohiyo, na bado kila mtu anakijua anapokiona. Jedwali lenyewe halina kosa. Ratiba ya mabasi au orodha ya nauli ni jedwali kwa asili yake, na ukiivunjavunja kuwa visanduku kwa sababu umesikia majedwali yamepitwa na wakati, unamharibia msomaji.

Kinyume chake, ninaona madhara makubwa kwenye mitindo ya karibuni. Vijana wananunua templeti iliyojaa kila kitu, wanaongeza plagini (programu ndogo za nyongeza) kadhaa wasizozihitaji, na ukurasa wenye aya tatu unabeba mafaili mengi ya msimbo kuliko maneno. Maandishi yanaandikwa kwa kijivu hafifu juu ya weupe kwa sababu yanaonekana ya kisasa, halafu mtu akiwa juani pale Barabara ya Nne haoni kitu. Viungo vinavuliwa mstari na rangi mpaka haijulikani kipi kinabofyeka. Mimi ningesema hayo ndiyo ya kuepukwa kwanza.

Mleta mada

Fundi, umeuweka uzi mahali pake, na ninakubaliana nawe kwamba umri wa kitu hautoshi kukihukumu. Kipimo ninachokitumia ni kama sababu iliyokizaa kitu hicho ingali hai. Mstari chini ya kiungo uliwekwa ili mtu ajue panabofyeka, na haja hiyo haijaisha, kwa hiyo mstari ubaki. Jedwali la kushikilia kichwa cha ukurasa lilitumika kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kutegemewa. Leo zipo Flexbox na Grid, njia za CSS za kupanga ukurasa, na hii ya pili iliingia katika vivinjari vikubwa mwaka 2017, kwa hiyo jedwali hilo halina tena kazi, ilhali la nauli lina kazi yake ileile.

Kuhusu kijivu hafifu, tusiuache mjadala uwe wa ladha ya mtu, kwani kuna kipimo. Mwongozo wa ufikivu wa W3C, toleo la 2.0 la Desemba 2008, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa 3 kwa 1. Zana za kupima zimo ndani ya vivinjari vyenyewe na ni za bure. Mteja akisema anataka kijivu, mwonyeshe namba, kisha mpe simu atoke nayo nje saa saba mchana aisome.

Mchangiaji, Lushoto

Wakuu, nina maswali matatu. Mwajiri wangu anataka tovuti yake ya habari izuie kubofya kulia na kunakili, ili watu wasiibe kazi yake. Anataka pia dirisha la kujiandikisha lijitokeze kila mtu anapoingia, na amenipa orodha ndefu ya maneno niyafiche chini ya ukurasa kwa rangi ya mandhari ili Google impandishe. Nimemweleza kwamba yote matatu ni ya zamani, lakini anasema washindani wake wanayatumia. Nimjibu nini?

Mleta mada

Dada au kaka wa Lushoto, anza na la maneno yaliyofichwa, kwa kuwa ndilo linaloweza kumdhuru haraka. Google inalihesabu kuwa ni udanganyifu, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kwenye matokeo. Kama anataja pia ile orodha ya “keywords” inayowekwa kichwani mwa ukurasa, mwambie kwamba Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kuwa haiitumii kupanga matokeo.

Dirisha linalojitokeza lina historia inayofaa kumsimulia. Ethan Zuckerman ndiye aliyeandika msimbo wa matangazo ya namna hiyo akiwa katika kampuni ya Tripod, iliyowahifadhia watu kurasa zao, katika miaka ya 1990, kwa sababu kampuni iliyolipia tangazo haikupenda kuliona likikaa ndani ya ukurasa wenye maudhui ya aibu, wakaona lifunguke kwenye dirisha lake. Mwaka 2014 aliandika hadharani kuomba radhi. Hiyo haja ya kulitenga tangazo na ukurasa haimhusu mwajiri wako hata kidogo, na tangu Januari 2017 Google inaweza kuushusha ukurasa unaofunika maudhui yake kwa dirisha mara mgeni anapofika kwa simu. Kisanduku cha kujiandikisha akiweke mwishoni mwa habari, ambako atakutana na mtu aliyesoma hadi mwisho na huenda anataka kusoma tena.

Kuzuia kunakili hakumzuii mwizi, kwa kuwa ukurasa ukishafunguka tayari maneno yote yamo ndani ya simu au kompyuta yake, naye anajua njia nyingi za kuyachukua. Anayezuiwa ni msomaji mwema: mama anayetaka kunakili lipa namba ya kuchangia msiba uliotangazwa, mwanafunzi anayetaka kunukuu aya moja na kumtaja mwandishi, mtu anayetaka kumtumia mwenzake anwani kwa WhatsApp. Nimeshuhudia watu wakiandika lipa namba kwenye karatasi kwa sababu tovuti imegoma kuinakilisha, na tarakimu moja ikikosewa fedha inakwenda kwa mwingine.

Karani wa shule, Muheza

Habari zenu. Tovuti ya shule yetu ilitengenezwa zamani na kijana ambaye hayuko tena Tanga. Kivinjari kinaandika kwamba si salama, kuna kihesabu cha wageni chini ya ukurasa, kurasa mbili zimeandikwa “Unajengwa”, na habari ya mwisho ni ya mahafali ya miaka mingi iliyopita. Fedha ya kutengeneza mpya haipo mwaka huu. Tuanzie wapi?

Mleta mada

Karani, tovuti hiyo inaweza kuwa na manufaa bila kujengwa upya. Kabla ya kugusa chochote, tafuteni nani anamiliki jina la tovuti. Kuna zoea baya la fundi kulisajili jina la shule kwa jina lake na barua pepe yake, na siku asipopatikana shule inabaki bila mlango. Mwombeni kwa upole kijana huyo akabidhi nywila za msajili (kampuni iliyouza jina) na za seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), mzihifadhi ofisini kwa mkuu wa shule, na umiliki uandikwe kwa jina la shule.

Mkishaingia kwenye seva, pakueni nakala nzima ya tovuti muiweke pembeni. Kisha washeni cheti cha HTTPS, kinachoyafunga mawasiliano kati ya tovuti na mgeni yasisomwe na mtu mwingine. Chrome ilianza Julai 2018 kuziandikia tovuti zote zisizo nacho kwamba si salama, na hakuna tena sababu ya kukikosa, kwa sababu Let’s Encrypt inatoa vyeti bure, na watoa huduma wengi wa seva wameweka kitufe chake ndani ya paneli ya kuiendeshea seva. Cheti hudumu kwa muda mfupi, hivyo hakikisheni kimewekwa kujihuisha chenyewe.

Kurasa za “Unajengwa” zifuteni pamoja na viungo vyake. Mzazi anayebofya “Ada” akakuta hakuna kitu anapata hasira ambayo asingekuwa nayo kama neno “Ada” lisingekuwapo. Kihesabu cha wageni kiondoeni. Kilikuwa na maana wakati mwenye tovuti hakuwa na njia nyingine ya kujua idadi ya wanaofika, na siku hizi kumbukumbu za seva zinawaonyesha ninyi wenyewe bila kumwonyesha mzazi kwamba ni mgeni wa 412.

Halafu uandikeni upya ukurasa mmoja tu, ule wa kwanza: jina la shule na mahali ilipo, namba ya simu inayogusika, ada ya mwaka huu, maelekezo ya kujiunga yakiwa maandishi kama alivyoeleza Mwalimu, tarehe ya kufungua na kufunga muhula, na picha moja ya majengo iliyopunguzwa. Wekeni “lang=sw” na agizo la “viewport”, linaloiambia simu itumie upana wa kioo chake. Habari za mahafali ya zamani zihamishieni kwenye ukurasa wa kumbukumbu zikiwa na mwaka wake, maana waliohitimu hupenda kuzitazama.

Ukikwama kwenye cheti, andika hapa aina ya paneli unayoiona baada ya kuingia kwenye seva, lakini usiweke nywila wala anwani ya kuingilia. Fundi wa Ngamiani au mimi tutakuelekeza hatua kwa hatua.

Karani wa shule, Muheza

Nimempata kijana kwa simu na amekubali kukabidhi. Jina limesajiliwa kwa barua pepe yake binafsi, kama ulivyosema. Je, barua ya kuhamisha umiliki iandikwe na mkuu wa shule au na mwenyekiti wa bodi?

Fundi, Ngamiani

Mkuu wa shule anatosha kwa kuanzia, barua iwe na kichwa cha shule, muhuri na sahihi. Iandikwe kwa msajili aliyeuza jina hilo, na kijana athibitishe kwa barua pepe ileile iliyosajiliwa. Muulize leo jina linaisha muda tarehe gani, kwa sababu likiisha katikati ya kuhamishwa kazi itakuwa kubwa zaidi.